Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo juu ya duka, jahazi na shamba, wala hawakujua kuwa siku moja usemi wao ungefaa kwa damu ya mtoto, jani la muhogo, tope la ziwa na pembe ya tembo. Leo unafaa. Kila kiumbe kilicho hai hubeba ndani ya chembe zake daftari la urithi wake, nalo huitwa jenomu. Daftari hilo lasomeka, na limekwisha kuanza kusomwa. Lililobaki kuulizwa na sisi watu wa Afrika ya Mashariki ni hili: nani atalisoma, atalisomea wapi, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani?

Kuna rai moja iliyopata wafuasi wengi katika mabaraza ya wasomi wetu. Husema kuwa elimu ya jenomu ni anasa. Nchi ambayo zahanati zake hukosa glavu na shule zake hukosa madawati, wasema, haina haja ya kusoma vinasaba. Kazi hiyo waachiwe matajiri, nasi tungoje matunda yakomae tuyanunue sokoni. Rai hii hutolewa kwa sauti ya huruma, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Maana kosa lililovaa joho la huruma hukaribishwa sebuleni, ambapo kosa lililo uchi lingefukuzwa mlangoni. Nimekusudia kuipinga. Nasema kuwa kusoma jenomu zetu wenyewe, kwa umoja wa kanda yetu, ni njia ya kujitoa katika umaskini, wala si pambo la kungojea mpaka umaskini uishe. Na kwamba anayengoja asomewe daftari lake na mwingine atalipa mara mbili: kwanza kwa kupoteza mali, kisha kwa kuinunua.

Yafaa kwanza tujue twasema nini. Jenomu ya mtu ina herufi zipatazo bilioni 3, nazo zimepangwa kwa aina nne tu za herufi. Kazi ya kuisoma kwa mara ya kwanza ilitangazwa kuwa imekamilika mwaka 2003, baada ya miaka 13 na gharama ya dola zipatazo bilioni 3. Siku hizi maabara kubwa huifanya kwa chini ya dola 1,000, na ipo mashine ya kusomea iliyo ndogo kiasi cha kutiwa mfukoni. Jenomu za virusi na bakteria ni fupi zaidi, na bei yake ni nafuu zaidi. Mtu aliyesema mwaka 2003 kuwa elimu hii ni anasa kwetu alikuwa na haki. Anayesema hivyo leo anatukadiria kwa bei ya kale.

Natuanze na afya, kwa kuwa hapo ndipo wapinzani wetu husimama wakiwa na uhakika mwingi. Wasema kuwa mgonjwa wa malaria ataka dawa, hataki jenomu. Ni kweli ataka dawa; lakini ataka dawa inayoua kimelea. Klorokwini ilipoanza kushindwa katika Afrika ya Mashariki, dalili za kwanza zilionekana mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Katika zaidi ya miaka 20 iliyopita katikati, mama wangapi walirudi nyumbani na vidonge ambavyo kimelea alikwisha kuvizoea? Vidonge vilikuwapo, tena vilikuwa rahisi. Kilichokosekana ni habari ya wakati wake: wapi dawa imeshindwa, kwa kiasi gani, na kushindwa huko kunaelekea upande gani.

Sasa linganisha na yaliyotokea juzi. Mwaka 2020 wataalamu wa Rwanda pamoja na wenzao walitangaza kuwa nchini mwao wameonekana vimelea wenye badiliko liitwalo R561H, ambalo hupunguza nguvu ya artemisinini, yaani ile dawa iliyo mhimili wa dawa mseto tunazozitegemea. Tena, kwa kulinganisha jenomu za vimelea hao na zile za Asia, walionyesha kuwa badiliko hilo halikuja na msafiri yeyote kutoka ng'ambo. Lilizaliwa hapahapa kwetu. Mwaka 2021 zikatoka habari za mabadiliko mengine mawili kaskazini mwa Uganda. Kisha R561H ikaonekana mkoani Kagera, Tanzania. Hapana mgonjwa aliyeweza kuyaona hayo kwa macho, wala daktari kwa hadubini, kwa sababu kimelea sugu na kimelea dhaifu hufanana sura chini ya kioo. Yaliandikwa katika daftari tu. Aliyelisoma amepata muda wa kubadili dawa ya pili inayofuatana na artemisinini, na kupanga matibabu kabla makaburi hayajaanza kutoa takwimu. Huo ndio utajiri tunaoambiwa ni anasa: kupewa habari ya msiba kabla ya msiba.

Mfano wa pili wa afya una uchungu zaidi, kwa sababu unaonyesha gharama ya kutoa damu bila kutoa msomaji. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alichapisha utafiti uliotokana na damu ya watu wa Afrika ya Mashariki. Alionyesha kuwa mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ilhali aliyekirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa wenyewe. Ugunduzi huo ni miongoni mwa nguzo za elimu ya urithi duniani. Chanzo cha ugonjwa ni badiliko la herufi moja tu kati ya zile bilioni 3. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza inayorekebisha vinasaba vya mgonjwa wa selimundu kwa njia ya kukata na kuhariri, na Marekani ikafuata mwezi wa Desemba. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Hebu tuyaweke pamoja mambo haya mawili. Damu iliyofungua mlango ilitoka kwetu. Tanzania yenyewe hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huu, na ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi kabisa duniani. Nayo tiba ilipopatikana, bei yake iliwekwa mahali ambapo mtoto wa Mwanza au Kisumu hawezi kuifikia hata kwa ndoto. Simlaumu aliyeivumbua. Aliyelima na avune. Lakini nawauliza wale wasemao kuwa tungoje matunda yakomae: je, hili ndilo tunda mlilotuahidi? Afadhali ya kungoja ni kazi iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani na wenzake, ya kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu kwa maelfu, kuwafuatia miaka nenda miaka rudi, na kuchunguza kwa nini mtoto mmoja huteseka sana na mwingine mwenye kinasaba kilekile huteseka kidogo. Kazi ya namna hiyo hulea watu wa hapa watakaojua ugonjwa kuliko mtu yeyote, na siku moja watakaoitafuta tiba ambayo bei yake imepimwa kwa mfuko wa hapa.

Jambo hili ni pana kuliko ugonjwa mmoja. Afrika ndiyo makao ya kale ya binadamu, na kwa hiyo urithi wa Waafrika una tofauti nyingi kuliko wa watu wa bara lolote jingine. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa jenomu za Waafrika 426 wa jamii 50 za bara hili. Katika watu hao wachache yalipatikana mabadiliko ya herufi zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote kabla ya hapo. Watu 426 hawajazi hata ukumbi mmoja wa mihadhara. Ikiwa hao peke yao walikuwa na milioni 3 za mageni, basi vitabu vya tiba vya ulimwengu vimeandikwa huku sura zetu zikiwa zimeachwa wazi. Na dawa iliyopimwa kwa kitabu chenye sura zilizoachwa wazi haiwezi kutujua vema.

Nageukia shamba, ambalo ni mama wa viwanda vyetu. Katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Amani, palikuwa na kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wadachi mwaka 1902 na kurithiwa baadaye na Waingereza. Hapo, katika miaka ya 1930, H. H. Storey na wenzake walianza kuuchanganya muhogo na jamaa zake wa mwituni ili kupata mbegu inayostahimili batobato na michirizi kahawia. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilipelekwa hata Nigeria, zikawa mababu wa aina nyingi za muhogo zilizoenezwa Afrika. Mwaka 2016 wataalamu waliosoma jenomu za mihogo mbalimbali walikuta ndani yake vipande vya urithi wa mti wa mwituni ambao Amani iliutumia. Karatasi zaweza kuliwa na mchwa, lakini kazi ya Amani ilikuwa imejiandika ndani ya muhogo wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali isiyopata kuonekana ilizuka nchini Uganda, ikateremka kusini mwaka baada ya mwaka, ikaingia Kenya na Tanzania. Wakulima wengi waliacha kabisa kuulima muhogo, na njaa ikapiga hodi katika nyumba zilizoutegemea. Ilipofika mwaka 1997, jenomu ya kirusi kile ilifichua siri: kilikuwa chotara cha virusi viwili vilivyokutana ndani ya mmea mmoja na kubadilishana vipande. Takriban miaka 10 ilikuwa imepita. Je, ingekuwaje kama msomaji angekuwapo shambani tangu msimu wa kwanza? Hilo limekwisha kujaribiwa. Tangu mwaka 2017 wataalamu wa kanda hii, akiwamo Joseph Ndunguru wa Tanzania na Titus Alicai wa Uganda, pamoja na wenzao wa Kenya na wa ng'ambo, wamechukua mashine ndogo ya kusomea hadi shambani kwa mkulima, wakakaa chini ya mti, wakasoma virusi vya muhogo wake, na kumpa jibu kwa muda wa saa badala ya miezi. Mkulima akajua kama shamba lake limeambukizwa na atafute mbegu gani. Anayetaka kuiita kazi hiyo anasa na aende akamwambie mkulima yule.

Katika viwanda hadithi yetu ni ya mali iliyoondoka bila risiti. Mkonge wenyewe uliletwa kutoka Mexico mwishoni mwa karne ya 19, na sisi tukautumia kwa haki. Lakini kazi iliyoanzia Amani na kuendelezwa Mlingano, Tanga, ilizaa mahuluti namba 11648, mkonge wenye majani mengi kuliko ule wa zamani. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Kisha nyuzi za viwandani zikaja, mashamba yakasinyaa, na utafiti ukasinyaa pamoja nayo. Leo mahuluti 11648 ndiyo yaliyojaa katika mashamba ya mkonge ya Uchina, na wataalamu wa Uchina ndio wanaoongoza katika kusoma vinasaba vyake. Hawakutuibia. Sisi tuliufunga mlango wa maabara tukadhani kuwa mmea utaendelea kutufahamu sisi tusipoufahamu wao. Ulimwengu sasa unageuka tena kutafuta nyuzi zinazooza badala ya plastiki, na Tanga inaamka. Lakini inaamka na kukuta daftari la mmea wake limeandikwa kwa lugha ya mtu mwingine.

Jambo la maziwa ya magadi ya Kenya ni la namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kigeni walichukua maji na matope katika maziwa hayo. Vijidudu waishio humo wamezoea magadi makali na joto, na vimeng'enya vyao hufanya kazi mahali ambapo vimeng'enya vya kawaida hufa. Kutokana nao, kampuni ya ng'ambo ilitengeneza bidhaa za sabuni za kufulia na za kupausha nguo za jinzi. Mwaka 2004 shirika la Kenya linalosimamia hifadhi za wanyamapori lilidai kuwa nchi ilistahili sehemu ya faida hiyo. Upande wa pili haukukubali. Sina nia ya kuamua shauri lile hapa. Nataka tu tuone kiini chake: kilichouzwa hakikuwa tope. Tope tulikuwa nalo tangu zamani, halikutupa senti. Kilichouzwa ni herufi zilizosomwa kutoka katika tope. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ulioanza kutumika mwaka 2014, wataka faida za namna hii zigawanywe kwa haki na nchi iliyotoa. Ni mkataba mwema. Walakini mkataba humlinda yule anayejua alicho nacho. Asiyejua, atatia sahihi kwa furaha na kupewa shukrani.

Mazingira nayo yana daftari lake. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walihesabiwa wapatao 43,000. Tembo zaidi ya 60,000 walipotea katika miaka mitano, na kila nchi jirani ilinyoosha kidole kwa jirani yake. Ndipo Samuel Wasser na wenzake walipofanya jambo jepesi kulieleza na gumu kulitenda. Walikusanya kinyesi cha tembo kutoka pande nyingi za Afrika, wakasoma vinasaba vilivyomo, wakachora ramani ya urithi wa tembo. Kisha wakasoma vinasaba vya pembe zilizokamatwa bandarini katika shehena kubwa. Mwaka 2015 walitangaza kuwa tangu mwaka 2006 sehemu kubwa ya pembe za tembo wa mbugani zilizokamatwa zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Pembe iliyokuwa bubu ikataja kijiji chake. Baada ya hapo haikuwezekana tena kusema kuwa wizi ulikuwa kila mahali na kwa hiyo haukuwa mahali popote. Lakini kumbuka kuwa maabara iliyoitolea pembe yetu ushahidi ilikuwa Seattle, Marekani. Kenya ilifungua maabara yake ya ushahidi wa wanyamapori mwaka 2015, nayo ni hatua ya kusifiwa. Kwa kanda nzima bado ni hatua ya kwanza.

Chini ya maji hali ni hiyohiyo, ila hakuna pembe ya kuonyesha. Ngege, samaki aliyekuwa tegemeo la wavuvi wa Ziwa Viktoria zamani, alishindwa na mavuvi ya kupita kiasi na wageni walioletwa katika miaka ya 1950 na 1960, yaani sangara na sato. Amebaki zaidi katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli nchini Kenya. Tena sato huzaana na ndugu zake wa asili, na chotara wao hawatambulikani kwa macho kwa urahisi. Mfugaji wa samaki huweza kumwaga katika bwawa lake vifaranga asivyovijua asili yake, mvua ikafurika, na urithi wa maelfu ya miaka ukachafuka kwa usiku mmoja. Kusoma vinasaba ndiko kunakoweza kutuambia ni maji gani bado yana mbegu safi ya asili. Mbegu hiyo ni akiba ya ufugaji wa kesho, na ikipotea haina duka.

Nimetaja mifano ya nchi nyingi kwa makusudi. Wako wanaokubali kuwa elimu hii ina faida, lakini wataka kila serikali ijenge ngome yake na kufunga sampuli zake ndani. Hawa nawaona kuwa wazalendo waliopotea njia. Kimelea cha R561H hakikuomba pasipoti mpakani. Batobato haikusimama Busia. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 ugonjwa wa mpoksi ulizuka Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu ya Kusini. Wataalamu wa Kongo wakaisoma jenomu ya kirusi na kuonyesha kuwa ni tawi jipya linaloenea kwa mtu na mtu. Kufikia mwezi wa Agosti mwaka 2024 tawi hilo lilikuwa limefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari kwa dunia. Kirusi kilisafiri katika barabara ambazo Kiswahili husafiri. Ni aibu kuwa ugonjwa uwe na umoja ambao elimu haina.

Tena umoja huo si jambo geni kwetu. Sotoka, iliyoteketeza ng'ombe wa kanda hii katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji bila maziwa wala mahari, ilishindwa kwa chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, katika kituo kilichotumikia Afrika ya Mashariki nzima. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kuwa sotoka imekwisha. Huo ni ugonjwa wa pili tu, baada ya ndui, ambao binadamu ameufuta duniani. Vituo vya Muguga, Amani na Entebbe vilikuwa vya pamoja. Vilianzishwa na wakoloni kwa haja zao, hilo sikatai. Lakini Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tuligawana majengo, na umoja wa utafiti ukawa yatima. Kupe, inzi weupe na mbu hawakupata habari ya kuvunjika kwa Jumuiya. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, ushuru wa forodha ulirudi mezani upesi kuliko maabara.

Sasa nirudi kwa wale wa anasa, maana silaha yao kubwa bado haijajibiwa: fedha zitoke wapi? Nawajibu kuwa kazi hii imekwisha kulipiwa, ila na wengine. Mpango mkubwa wa jenomu za Waafrika ulioleta utafiti ule wa watu 426 ulidumu kwa muda wa miaka 10 hivi, ukafikia mwisho wake mwaka 2022. Nao uligharimiwa hasa na Marekani na shirika la hisani la Uingereza. Mwaka 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilisimamisha utaratibu wa zamani wa kupitisha fedha za utafiti kwa washirika wa nchi za nje. Kisima cha jirani ni chema mpaka jirani afunge mlango. Nchi za Umoja wa Afrika ziliazimia mwaka 2006 kuwa kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na nchi nyingi bado hazijafika hapo. Basi tusiseme hatuna, tuseme hatujatenga. Wala simwambii waziri aondoe glavu zahanati anunue mashine. Namwambia apime gharama ya miaka 20 ya dawa isiyofaa, ya msimu mmoja wa muhogo uliooza, na ya tembo 60,000, kisha anieleze ni ipi kati ya hizo iliyokuwa rahisi kuliko maabara.

Kuna hofu nyingine ambayo naiheshimu. Watu husema kuwa damu ikisomwa, siri za ukoo zitatembea. Kuwa watu watagawanywa kwa makabila. Kuwa maskini atageuzwa kuwa shamba la majaribio. Hofu hii ina haki, kwa sababu historia imeizaa. Lakini dawa yake ni msomaji aliye karibu, ambaye sheria yetu yamfikia na macho ya majirani yamwona. Sampuli iliyovuka bahari haiwezi kuitwa barazani. Na dawa yake ya pili ni lugha. Mara ngapi mama amewekewa mbele karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu, akatia dole gumba, na ikahesabiwa kuwa ameridhia? Ridhaa isiyoeleweka ni uporaji wenye adabu.

Hapa ndipo nawageukia ninyi, ndugu zangu wanafunzi na walimu wa lugha, mliodhani kuwa jambo hili ni la wenzenu wa maabara. Wasemao kuwa Kiswahili hakiwezi elimu hii na walitazame neno selimundu: seli iliyopinda kama mundu. Mtu asiyesoma hata darasa moja akielezwa hivyo ataiona sura ya ugonjwa, jambo ambalo jina la kigeni halikumpa. Tuna urithi, kinasaba, mahuluti, kimelea, batobato, ndigana. Palipo na pengo twaweza kukopa na kuunda, kama babu zetu walivyokopa maneno ya bahari na ya biashara wakayafanya yao. Wasomaji wa jarida hili wasipoandika jenomu kwa Kiswahili, daftari litafunguliwa mbele ya mwenyewe naye asiweze kulisoma. Na mali itapotea, safari hii ikiwa na habari zote, ila kwa lugha asiyoielewa.

Ninalolitaka si kubwa. Kila serikali ya Jumuiya itoe sehemu ya bajeti yake, si ya mfadhili, katika mfuko mmoja wa maabara za pamoja. Kila sampuli inayotoka nje isindikizwe na mtafiti wa hapa, mwenye haki ya kusoma na kutia sahihi. Na kila ridhaa iandikwe kwa lugha ya anayeitoa. Haya yakifanyika, tutaendelea kushirikiana na Seattle, London na Beijing kama washirika wa duka, kila mmoja na daftari lake mkononi. Yasipofanyika, wajukuu wetu watakuja kuuliza habari za muhogo wao, samaki wao na damu yao, nao wataelekezwa kwa muuzaji.